Ng'ombe Kwenye Picha ya Harusi

Kulikuwa na mchungaji mmoja. Jina lake nalificha, maana bado ana kazi na angependa kubaki nayo. Niseme tu kwamba ni mtu wa makamo, ana kitambi cha wastani, amesafiri sana kwa meli, kwa treni na kwa ndege, na kila mji aliofika amewahi kupotea ndani yake. Naona kwaya mmeanza kucheka. Tulieni, hamumjui.

Mchungaji huyu, Jumapili iliyopita baada ya ubatizo, aliitwa na bibi mmoja wa usharika wake.

"Baba Mchungaji, hebu tupige picha, mimi na kitukuu changu. Wewe ndiye mwenye mkono uliotulia."

Mchungaji akavimba kichwa. Akaipokea simu, akarudi nyuma hatua tatu, akamkanyaga mzee wa kanisa, kisha akapiga goti kwenye nyasi na kanzu yake nyeupe kama alivyoona wapiga picha wa harusi wakifanya. Akawaambia wacheke, wakacheka. Akawaambia wageukie jua, wakageuka. Akabonyeza mara kumi na nne. Jua lilikuwa likipiga kwenye kioo cha simu hata hakuona kitu, lakini mtu mwenye mkono uliotulia anahitaji kuona nini?

Alipoingia kivulini kutazama kazi yake, akakuta pua. Pua kumi na nne, zote zake, zimepigwa kutoka chini, upande ambao hata mama mchungaji hajawahi kuonyeshwa. Kamera ya simu ilikuwa imegeukia kwa mpigaji tangu mwanzo.

Alichofanya baada ya hapo, na alichomwambia bibi yule, nitawaambia mwisho, Mungu akinipa ujasiri. Kwanza niwape mfano.

Palikuwa na bwana shamba mmoja, katika wilaya ya milimani ambako ukungu huingia chumbani bila hodi. Kazi yake ilikuwa mahindi, kahawa na minyoo ya ng'ombe. Lakini moyo wake, wapendwa, ulikuwa kwenye kamera. Miaka arobaini alizunguka na pikipiki ya serikali, kamera kifuani chini ya koti la mvua, kama mama aliyebeba mtoto mchanga.

Na msifikiri alipiga picha kama tunavyopiga sisi. Filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita, na filamu yenyewe iliagizwa mbali, ikaja na basi. Kwa hiyo bwana shamba akifika kwa mtu aliketi kwanza. Akaulizwa habari za mbolea, akajibu. Akala kilichokuwepo. Akatazama jinsi mwanga unavyoingia mlangoni na kumwangukia mama mwenye nyumba begani. Saa nzima ikapita, watoto wakachoka kusubiri, wakarudia michezo yao, mwenye nyumba akasahau kabisa kwamba kuna kamera. Hapo ndipo uliposikia: ka! Mara moja tu. Mkoba ukafungwa.

"Rudia, Bwana Shamba, nadhani nilifumba macho."

"Kama ulifumba, basi ndivyo ulivyokuwa."

Akaandika jina la mtu kwenye daftari, na tarehe, na jina la kijiji. Nyumbani alikuwa amegeuza stoo kuwa chumba cha giza: madirisha kayaziba kwa mablanketi, beseni tatu ziko sakafuni, na mkewe ameambiwa kwamba hata nyumba ikishika moto, agonge kwanza. Humo alisafisha filamu kwa mikono yake. Na baada ya mwezi ungemwona amerudi kwako na pikipiki, mvua inamchapa, anakuletea picha yako ndani ya bahasha. Hakuchukua kitu kwa mtu. Kuna nyumba nyingi kule milimani ambazo sura ya babu iko ukutani kwa sababu ya mtu huyo mmoja. Mimi nikisikia habari za mtu wa namna hiyo, navua kofia. Kwa kichwa changu hiki chenye upara, si jambo dogo.

Sasa sikilizeni kitu kidogo cha ufundi, maana mfano wote umening'inia hapo. Filamu ilikaa ndani ya kikopo, na ncha yake ilichungulia nje kama ulimi. Filamu mpya, ulimi uko nje. Ukishaipiga yote unaizungusha irudi ndani, na wapiga picha wengi waliacha kikopo kiumeze ulimi kabisa, ili wajue kwamba hii imetumika. Bwana shamba alikuwa na utaratibu wake. Aliuacha ulimi nje ili asihangaike kuutafuta kule gizani. Ila, asije akachanganya, aliukunja ncha, kama unavyokunja ukurasa wa kitabu. Ukiona kunjo, hiyo imetumika. Miaka kumi na miwili alifanya hivyo, na haikumtupa.

Mwaka mmoja, mwezi wa nane, akaenda kwenye maonyesho ya wakulima, akamaliza filamu nzima kwa ng'ombe. Ng'ombe kwa ubavu, ng'ombe kwa mbele, ndama, na dume moja jeusi kubwa lililopata zawadi ya pili, na uso wake ulionyesha kwamba halikubaliani na waamuzi. Akazungusha filamu ikarudi ndani. Mara akaitwa: "Bwana Shamba, kimbia, ndama kavunjika mguu!" Akatumbukiza filamu mkobani, akakimbia.

Hakukunja.

Jumamosi iliyofuata rafiki yake alioa. Rafiki huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kicheko, kile kicheko ambacho ukikisikia nyumba ya tatu unaanza kucheka na wewe, hujui kisa. Bibi harusi aliitwa Lugano. Kamera kwenye harusi ilikuwa moja, na nyinyi mnajua ilikuwa ya nani na ndani yake kulikuwa na nini.

Jumapili alasiri bwana shamba akajifungia stoo. Alipomaliza kusafisha, akatoa blanketi moja dirishani, akainua filamu kwenye mwanga.

Bibi harusi ana pembe. Mchungaji anafungisha ndoa ya ndama. Wazazi wa pande zote mbili wamesimama ndani ya zizi, na mahali pa keki pana kwato. Ng'ombe na harusi vimekaa juu kwa juu, picha thelathini na sita, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho.

Wewe ungefanyaje? Binti wa watu ana siku moja ukweni, umpelekee picha ana pembe? Mama mkwe angeinamia mezani, aitazame, aseme nini? Bwana shamba alikaa sakafuni katikati ya beseni zake. Kisha akatoka, akaenda kwa maharusi, akawaambia: "Filamu imeungua. Mwanga uliingia."

Mwalimu akacheka, akamshika bega. "Usihuzunike, ndugu yangu. Tutapiga nyingine tukizeeka. Nitakuwa nimenenepa, nitapendeza zaidi."

Yale maneno yalimchoma kuliko tusi. Akataka kuichoma moto filamu ile, mkono ukakataa. Hakuwahi kuchoma filamu maishani. Akaitia kwenye kopo, akaandika juu yake MBEGU ZA KABICHI, akalisukuma chini kabisa ya rafu.

Na hapa ndipo pananiumiza mimi. Tangu siku hiyo alikwenda kwa mwalimu mara ngapi? Mara mia. Alikula pale, alicheka pale, walibatiza watoto pamoja pale. Kamera haikutoka mkobani. Kila aliposhika kifungo cha mkoba aliona pembe. Majina mia nane yaliingia katika daftari lake, wapendwa. Watu aliokutana nao njiani, watu asiowajua, mpaka kichaa wa sokoni yumo. Rafiki yake hayumo.

Miaka ikaenda. Akastaafu. Watoto wake wakamtumia kamera ya kidijitali. Aliipokea kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Siku nzima aliigeuza akitafuta mlango wa nyuma wa kutia filamu.

"Baba Tumpe, haina mlango," mkewe akamwambia. Huyu mama alikuwa karani mpiga chapa wa mahakama, vidole vyake havikuwahi kuogopa mashine yoyote.

"Kamera isiyo na mlango ni ya kuchezea watoto."

"Haya, cheza basi."

Akacheza. Wiki ya kwanza alipiga picha tatu, maana alikuwa bado anahesabu thelathini na sita. Mkewe akamwambia inabeba elfu kadhaa. Akajibu kwamba hata hivyo hana watu elfu kadhaa wa kuwapiga leo. Alibandika plasta kwenye kioo cha nyuma, akasema mtu hatazami chungu kabla hakijachemka. Lakini mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka, na mashine ile ilijua kutulia kuliko yeye. Na filamu madukani ilikwisha kabisa. Taratibu, kama mzee anayejifunza kutambaa upya, akajifunza. Plasta ikatoka. Siku moja akapiga ndege akiwa angani, akaketi kwenye ngazi akacheka peke yake. Ana miaka sitini na nane. Kuna vijana humu ndani wa miaka thelathini wameshaniambia kwamba hawawezi tena kujifunza wimbo mpya.

Mwaka uliofuata, mwalimu akafa. Moyo tu, asubuhi moja, chaki mkononi.

Kwenye jeneza waliweka picha waliyoikuza kutoka kitambulisho chake. Mnazijua picha hizo. Umekaa wima, umeambiwa usicheke, macho yamekutoka. Lugano akamvuta bwana shamba kando, akamnong'oneza:

"Shemeji, huyu si mume wangu. Huyu ni mtu aliyekamatwa." Kisha akasema, "Na ndiye nitakayemweka kwenye kaburi. Fundi wa kigae cha kaburi, yule anayechapa sura juu yake, anataka picha mwisho wa mwezi, na sina nyingine. Nimeanza kusahau alivyokuwa akicheka. Nasikia sauti, uso hauji."

Bwana shamba akaitika kwa kichwa. Akarudi nyumbani.

Siku hizo yeye na mkewe walikuwa na kazi kubwa mezani. Ukungu wa milimani ulikuwa umeanza kula makopo ya filamu, kwa hiyo walikuwa wakiziokoa: mzee anaweka kipande cha filamu juu ya kioo chenye mwanga, anakipiga kwa kamera mpya, na mama anaiingiza kwenye kompyuta, anageuza weusi kuwa weupe na weupe kuwa weusi, mtu anatokea. Hivyo kamera aliyoidharau ikawa ndiyo inayoponya kazi ya maisha yake. Kopo kwa kopo walishuka rafu, mpaka chini.

"Hilo acha," mzee akasema. "Ni mbegu."

"Mbegu za kabichi za tangu Tumpe ananyonya?" Mama akafungua. "Baba Tumpe. Mbegu hizi zina matundu pembeni."

Akaziweka mwenyewe kwenye mwanga. Kwenye kompyuta pakatokea vurugu: mbingu, pembe, shela, kwato. Mzee akaketi. Akaeleza yote, miaka thelathini na moja kwa dakika tano. Kisha akasema, "Futa."

"Nifute?"

"Hiyo ni kopi, na filamu nitaichoma mwenyewe leo. Bonyeza tu."

"Wewe ulishindwa kuichoma miaka yote hiyo, leo unataka niimalize mimi kwa kidole kimoja?" Hakubonyeza. Alikuwa akishuka picha moja moja. Ya kumi, ya kumi na tano, ya ishirini na mbili. Hapo akasimama, akaikuza. Akaikuza tena.

"Ngoja. Huyu anayecheka ndani ya ng'ombe ni nani?"

Mzee akasogeza kiti.

Lilikuwa lile dume jeusi la zawadi ya pili, limesimama kwa ubavu, limejaza picha nzima. Na picha mbili zikikaa juu kwa juu, kweupe hufuta, kweusi hupisha. Pale ambapo ng'ombe wengine walikuwa wamefuta nyuso za watu, weusi wa dume hili ulikuwa umepisha. Katikati ya ubavu wake, safi kama amepigwa jana, alikuwepo mwalimu, kijana, kichwa kimeinuka, anacheka kile kicheko chake. Pembeni yake Lugano amemtazama yeye, haitazami kamera. Pembe moja inapita juu ya shela.

Mzee hakuwahi kuiona. Siku ile dirishani aliona pembe tu, hakutazama picha moja moja, akaifungia kwenye kopo.

"Mwondoe ng'ombe," akasema kwa sauti ndogo. "Kompyuta inaweza. Umwondoe, nimpelekee safi."

Mama akajaribu mchana kutwa. Akifuta ubavu, shavu la mwalimu linaondoka nao. Akifuta pembe, Lugano anabaki na nusu ya paji la uso. Mwishowe akainua mikono. "Wamekaa pamoja miaka thelathini na moja, Baba Tumpe. Hawaachani. Unampeleka hivi, au humpeleki."

Naomba mnisikilize hapa. Fundi wa kigae anangoja. Lugano hajui kitu. Hakuna shahidi isipokuwa mke, na mke angenyamaza. Akinyamaza tu na yeye, sifa yake inabaki, mpiga picha wa wilaya nzima ambaye hakuwahi kukosea. Ni kidole kimoja tu.

Asubuhi alivaa koti, akatia picha ndani ya bahasha kama zamani, akaenda. Akamkuta Lugano anachambua maharage.

"Shemeji, nilikudanganya. Filamu haikuungua. Nilirudia filamu ya ng'ombe, nikaona aibu. Mume wako yumo humu, lakini na ng'ombe yumo."

Lugano akajifuta mikono. Akaitoa picha. Akaitazama muda mrefu, hata bwana shamba akasikia maharage yakidondoka kutoka kwenye ungo, moja, moja. Kisha yule mama akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta, akicheka na machozi yakishuka, na akawa anamgusa mwalimu shavuni kwa kidole, huku anasema, "Ndiye. Ndiye huyu. Huyu ndiye."

Bwana shamba akapata nguvu. "Tulijaribu kumwondoa ng'ombe, shemeji. Nikipata mtaalamu wa mjini, nadhani ataweza..."

Kicheko kikakatika. Lugano akamwinulia macho.

"Mwache ng'ombe. Yeye hajanidanganya."

Ukienda kwenye kaburi lile leo, utakuta mwalimu anacheka kwenye kigae, na pembeni yake pana pembe. Watu wakiuliza, mjane anawasimulia mpaka nao wanacheka. Makaburini, wapendwa.

Sasa sisi. Mimi sikuleta mfano huu tumcheke mzee. Mimi namheshimu mtu yule kuliko ninavyoweza kusema. Akiwa na miaka sitini na nane alijifunza mashine mpya, na akiwa na sitini na tisa alijifunza kusema, "Nilikudanganya," na hiyo ya pili haina kitabu cha maelekezo. Lakini nauliza: ni makopo mangapi ya mbegu za kabichi yako kwenye nyumba zetu? Tulikosea kitu, siku moja, kwa haraka, kwa sababu tulikuwa tunakimbilia ndama wa mtu. Kosa lenyewe lilikuwa kunjo moja tu lililosahaulika. Lakini tukalifunika, na ili lisifunuliwe tukaacha kufika mahali, tukaacha kumtazama mtu usoni, tukafunga mkoba kila tulipoingia nyumba ile. Kosa lilimnyima Lugano picha za siku moja. Aibu ilimnyima za miaka thelathini na moja. Kipi kilikuwa kikubwa?

Na tunapoomba, tunamwambia Mungu: ngoja kwanza niondoe ng'ombe, halafu nitakuja. Ndugu yangu, ng'ombe hatoki. Njoo naye. Labda kile cheusi unachokionea aibu ndicho kilichomtunza mtu ndani yake, na hutajua mpaka ufungue kopo, uwe na mwenzako wa kukaza macho pamoja nawe.

Zamani kosa lilikaa kwenye filamu, likakungoja. Siku hizi tunafuta kwa kidole gumba na tunakwenda kula. Nani atajua?

Ndipo narudi kwa mchungaji yule mwenye pua. Alizifuta zote, huku ametazama pembeni. Akamrudishia bibi wa watu simu, akamwambia kwa uso wa kichungaji kabisa: "Bibi, simu yako imezeeka, haishiki picha. Ipeleke kwa fundi." Na bibi akaondoka ameikumbatia simu yake na kitukuu chake, hana picha.

Bibi Tupokigwe, nakuona hapo benchi la tatu. Mchungaji yule ni mimi. Simu yako haina ubaya wowote. Nisamehe, na baada ya ibada mlete mtoto, nitapiga tena, mara hii nikiwa nimeangalia.

"Baba Mchungaji, najua ni nzima. Ulifuta kumi na tatu. Ya kumi na nne kwaya nzima wanayo. Tuombe, watu wana njaa. Na picha atapiga mzee wa kanisa."